Kipaza Sauti cha Umma na Maoni ya Mtangazaji: Miaka Mia Moja ya Kanuni ya BBC

Shirika la utangazaji la umma ni chombo cha redio na televisheni kinachoendeshwa kwa fedha za wananchi wote, ziwe za kodi au za ada maalumu, na kwa sababu hiyo hudaiwa haki na kila anayekichangia, hata wale ambao katika siasa chungu chao hakiivi pamoja. Kutokana na deni hilo huzaliwa swali linalorudi kila panapozuka mabishano makubwa ya kitaifa: je, mtu aliyekabidhiwa kipaza sauti cha umma ana ruhusa ya kusema hadharani anachokiamini yeye mwenyewe kuhusu serikali, sheria au uchaguzi? Nchini Uingereza, BBC imeishi na swali hilo kwa karne nzima, na historia yake inaonyesha kwamba kanuni ya kumtaka mtangazaji anyamaze ilianza kama sharti la serikali kwa chombo kichanga, kabla haijawa heshima kwa msikilizaji.

BBC ilipoanza mwaka 1922 ilikuwa kampuni ya watengenezaji wa redio, iliyopewa leseni na Posta ya Uingereza na kugharimiwa kwa sehemu na ada ya shilingi 10 ambayo kila mwenye redio aliilipa kwa mwaka. Waziri wa Posta aliizuia kampuni hiyo kutangaza jambo lolote lenye mabishano ya kisiasa, na meneja wake, John Reith, Mskoti aliyeamini kwamba redio ni amana ya taifa, alilazimika kuishi na zuio hilo huku akipigania liondolewe.

Mtihani mkubwa ulikuja Mei 1926, wafanyakazi wa viwanda na usafirishaji walipogoma kwa siku tisa kuwaunga mkono wachimbaji wa makaa ya mawe. Kwa kuwa wapiga chapa nao waligoma, magazeti mengi hayakutoka, na redio ikawa njia kuu ya kupata habari. Winston Churchill, aliyekuwa Waziri wa Fedha, alitaka serikali iitwae BBC na kuifanya kipaza sauti chake, ilhali Waziri Mkuu, Stanley Baldwin, aliona heri kuiacha ibaki na sura ya uhuru. Reith alijenga hoja kwamba, kwa kuwa BBC ni ya wananchi na serikali nayo ni ya wananchi, basi katika dhoruba ile BBC ilikuwa upande wa serikali. Taarifa za vyama vya wafanyakazi zilisomwa katika habari, na jambo hilo lastahili kuhesabiwa kwa haki. Lakini Ramsay MacDonald, kiongozi wa chama cha Labour, alinyimwa nafasi ya kuhutubia, na wito wa maridhiano wa Askofu Mkuu wa Canterbury ulikataliwa kwanza, ukaja kutangazwa siku moja tu kabla ya mgomo kwisha. Baldwin, kwa upande wake, alilihutubia taifa akiwa nyumbani kwa Reith. Hakuna mtangazaji aliyetoa maoni yake binafsi katika siku hizo tisa, na hata hivyo BBC ilikuwa imeegemea upande. Wanaodhani kwamba ukimya wa mtangazaji ndio uadilifu wote wa chombo cha umma wanapaswa kuutazama mwezi huo kwa makini.

Tarehe 1 Januari 1927 kampuni iligeuzwa kuwa shirika la umma chini ya Hati ya Kifalme, yaani waraka wa Mfalme unaounda taasisi na kuipa mamlaka yake. Zuio la mambo yenye mabishano liliondolewa mwaka 1928, lakini lilibaki zuio jingine: shirika lenyewe lisitoe maoni yake kuhusu sera za nchi. Gazeti lina tahariri, ambamo wenye gazeti husema msimamo wao. BBC haikuruhusiwa kuwa na kitu cha namna hiyo, na wasomaji wake wa habari walikuwa sauti zisizo na majina. Walianza kujitaja mwaka 1940, na sababu haikuwa umaarufu, ila hofu kwamba Wajerumani wakivamia wangeweza kuiga taarifa za habari. Msikilizaji alihitaji kuijua sauti anayoiamini.

Mwaka huohuo alitokea mtu aliyeutikisa mpango huo wote. J. B. Priestley, mwandishi wa riwaya na tamthilia, alipewa dakika chache baada ya taarifa ya habari ya saa tatu usiku siku za Jumapili, naye kuanzia Juni hadi Oktoba alizungumza kama raia na raia wenzake, akisifu ujasiri wa watu wa kawaida, kisha taratibu akaanza kusema kwamba baada ya vita nchi isirudi katika umaskini na ukosefu wa kazi wa miaka iliyotangulia. Mamilioni walimsikiliza. Wanasiasa wa chama cha Conservative waliona kwamba huo ni ujamaa unaopenyezwa kwa gharama ya umma, wakalalamika, na mfululizo wake wa pili ulikatishwa mwaka 1941. Priestley hakuwa msomaji wa habari wala mwajiriwa wa kudumu. Alialikwa kwa sababu ya fikra zake, kisha akaondolewa zilipofika mahali wakubwa hawakupapenda. Mzozo wa aina hiyo umejirudia tangu wakati huo, na mara nyingi shirika limeonekana kuwasikia zaidi wenye mamlaka kuliko wasikilizaji.

Haikuwa hivyo daima, na mwaka 1956 unastahili sifa. Uingereza ilipoivamia Misri kwa ajili ya Mfereji wa Suez, Waziri Mkuu Anthony Eden alihutubia taifa, na kesho yake BBC ikampa Hugh Gaitskell, kiongozi wa upinzani, nafasi ya kumjibu, ingawa askari walikuwa vitani na serikali ilikasirika. Huko ndiko kutoegemea upande kwa maana yake kamili: kuzipa hoja zinazopingana nafasi zinayostahili wakati ambapo kufanya hivyo kuna gharama.

Katika zama za mitandao ya kijamii, uzio umesogezwa hadi nje ya studio. Machi 2023 Gary Lineker, mchezaji wa zamani wa Uingereza aliyeongoza kipindi cha soka cha Match of the Day tangu 1999, aliandika kwenye Twitter kwamba sera ya serikali kuhusu waomba hifadhi ni ya kikatili na kwamba lugha iliyotumika inafanana na ya Ujerumani ya miaka ya 1930. BBC ilimtaka akae kando. Wachambuzi wenzake, Ian Wright na Alan Shearer, wakagoma kwa kumuunga mkono, na Jumamosi hiyo kipindi kilirushwa kwa takribani dakika 20 bila mtangazaji wala mchambuzi. Siku mbili baadaye shirika lilirudi nyuma, na Septemba likatoa mwongozo mpya: watangazaji wa vipindi vikubwa visivyo vya habari wanaweza kueleza maoni kuhusu mambo ya umma, ila wasiunge mkono wala kushambulia chama cha siasa.

Mwongozo huo una busara, kwa sababu msikilizaji hapimi ukweli wa sera kwa mdomo wa mtangaza mpira. Msomaji wa habari na anayewahoji mawaziri wana wajibu mwingine. Wao wakitangaza upande wao, nusu ya nchi itawasikiliza kwa shaka, na hapo kazi yao imekwisha. Lakini Lineker alipokuwa akisimamishwa, mwenyekiti wa bodi ya BBC, Richard Sharp, aliyewahi kukichangia fedha chama tawala, alikuwa akichunguzwa kwa kutoeleza wazi jinsi alivyohusika na mpango wa mkopo wa Boris Johnson, aliyekuwa Waziri Mkuu, kabla ya kuteuliwa. Alijiuzulu Aprili.

Mfano wa Uingereza ulifika Afrika Mashariki. Shirika la Utangazaji la Kenya liliundwa mwaka 1961 kwa kuiga BBC, likafanywa idara ya serikali mwaka 1964 kwa jina la Sauti ya Kenya, na leo Ibara ya 34 ya Katiba ya 2010 inaamuru vyombo vya habari vya dola viwe huru kuamua maudhui yake, visiegemee upande, na vitoe nafasi ya haki kwa maoni tofauti na ya wapinzani. Amri hiyo inakitaja chombo, haimtaji mtangazaji. Wanaotunga kanuni za watangazaji wa umma, Nairobi na kwingineko, na waanze na bodi na wanaoiteua, ndipo wafike kwa mwenye kipaza sauti.