Je, Mwendo wa Nuru Umepungua?

Wengi wenu mmefundishwa shuleni ya kuwa nuru ina mbio kupita kitu chochote tukijuacho. Lakini ni wachache wajuao jinsi mwendo huo ulivyopimwa, na jinsi vipimo vyenyewe vilivyoleta ubishi, hata ukaingia katikati ya Wakristo. Leo twapenda kuieleza habari hiyo, maana ina fundisho kwa kila apendaye kweli.

Hapo kale wengi walidhani ya kuwa nuru hufika papo hapo, bila kutumia wakati njiani. Mwaka 1676 Ole Rømer, mtu wa Denmark aliyefanya kazi Paris, aliangalia mwezi mmoja wa sayari ya Mshtarii ukipatwa. Aliona ya kuwa dunia ikiwa mbali na sayari ile, kupatwa huko huonekana kwa kuchelewa. Ikikaribia, huonekana mapema. Akakadiri ya kuwa nuru huchukua dakika 22 kuivuka njia ya dunia kuzunguka jua, toka upande mmoja hata wa pili. Kweli ni dakika 16 na nusu na kidogo. Lakini jambo lenyewe alilipata.

Mwaka 1849 Mfaransa Hippolyte Fizeau aliipitisha nuru kati ya meno 720 ya gurudumu lizungukalo upesi, ikaenda hata kioo kilichowekwa mbali zaidi ya kilometa 8, ikarudi. Akapata kilometa 313,000 hivi kwa sekunde. Mwaka 1862 Foucault, Mfaransa mwenziwe, akapata 298,000. Huko Marekani, Albert Michelson akapata 299,910 mwaka 1879. Newcomb 299,860 mwaka 1882. Na Michelson tena 299,796 mwaka 1926. Mwaka 1935 kikatangazwa kipimo kilichoanzwa na Michelson kabla hajafa, nacho kilikuwa 299,774.

Mtu akizitazama hesabu hizi upesi, ataona zashuka. Ndivyo alivyoona Gheury de Bray, ambaye tangu mwaka 1927 aliandika ya kuwa nuru inapunguza mwendo mwaka hata mwaka. Tena mwaka 1987 Barry Setterfield na Trevor Norman wa Australia walitoa neno kama hilo, wakisema ya kuwa zamani nuru ilikuwa na mbio nyingi mno. Wakristo wengine wakalipokea kwa furaha, wakidhani wamepata njia ya kueleza jinsi nuru ya nyota za mbali ilivyoweza kutufikia katika miaka michache.

Sasa tutumie mfano. Babu alipima shamba kwa hatua zake akasema, “Ni hatua 80, labda zapungua kumi au zazidi kumi.” Mwanawe alipima kwa kamba akapata 74, na shaka ya hatua tatu. Mjukuu akaleta utepe wa kupimia, akapata 72 kamili. Je, shamba limenywea? La, kipimo ndicho kilichotengenea. Shauri la babu halitupwi, wala haliwekwi sawa na utepe. Kila kipimo hupewa uzito kwa kadiri ya shaka yake.

Ndivyo ilivyo kwa nuru. Rømer na Foucault wote wawili walipata mwendo mdogo kuliko wa leo. Kama nuru ilikuwa ikipungua, ingewezekanaje? Mwaka 1988 Gerald Aardsma, mtu wa chama cha Kimarekani kilichotetea kuumbwa kwa dunia katika miaka michache, alivipa vipimo vyote uzito wavyo, akatangaza ya kuwa kupungua hakuonekani. Twamsifu, maana ushuhuda huo haukuwafaa watu wa upande wake, wala hakuuficha.

Lakini wataalamu nao wana la kujifunza. Mwaka 1941 Raymond Birge wa Marekani alivikusanya vipimo akatoa 299,776, akasema shaka yake ni kilometa 4 tu. Mwaka 1950 Louis Essen wa Uingereza akapata 299,792.5 kwa njia nyingine kabisa. Basi Birge alikosa kwa kilometa 16, mara nne ya shaka aliyoikiri! Vipimo vya miaka ile vilikuwa vimekubaliana. Lakini watu waweza kukubaliana na wote wakakosa, hasa kila mmoja akitazama jibu la mwenziwe kabla ya kuamini lake.

Mwaka 1972 Kenneth Evenson na wenzake huko Boulder, Marekani, walipata kilometa 299,792.456 kwa sekunde, na shaka ya mita moja tu na kidogo. Kwa hiyo mwaka 1983 mataifa yalipatana ya kuwa nuru huenda mita 299,792,458 kwa sekunde, na mita yenyewe ikawekwa kwa kuifuata nuru.

Basi, ndugu zetu, tukipima pamba ghalani, au tukihesabu sadaka, au tukitoa ushuhuda barazani, tuseme tujualo, na shaka yetu tuiseme pia. Wala tusiitegemeze imani yetu kwa hesabu iliyopinda. Siku hesabu hiyo itakapovunjika, wanyonge watadhani ya kuwa imani nayo imevunjika. Mungu aliyeiumba nuru hahitaji kutetewa kwa mizani ya udanganyifu.