Utamu wa Nyumbani Katika Nchi ya Mpimbwe

Watoto wa siku hizi wakisikia neno "kitu kitamu", mara hufikiri sukari ya dukani. Wakimwona mama anakaanga vitumbua, au anapika kashata za karanga siku ya sikukuu, hudhani ya kuwa ndivyo ilivyokuwa tangu kale. Sivyo. Hapa Mamba, na katika nchi yote ya Wapimbwe katika Bonde la Rukwa, sukari ni mgeni wa juzi tu. Wazee wetu walikuwa na utamu wao, nao haukutoka dukani. Ulitoka msituni, ukaletwa nyumbani begani mwa baba.

Utamu huo ni asali. Mrina asali alibandua gome la mti, akaliviringa na kuliunga kwa vijiti, akaziba ncha zake kwa nyasi, kisha akautundika mzinga huo juu ya mti mrefu. (Mti uliobanduliwa gome pande zote hufa, na katika neno hilo siwezi kuwasifu wazee.) Masika yakiisha, na maua ya miombo yakiwa yamekwisha kuwapa nyuki chakula, alipanda usiku na kienge cha moshi mkononi. Kazi hiyo haikuwa mchezo, maana nyuki wa nyika hizi ni wakali. Msomaji akitaka shahidi, na amwulize Dr. Livingstone. Mwezi wa Januari 1872 alikuwa akisafiri pamoja na Stanley kutoka Ziwa Tanganyika kwenda Tabora, na njiani nyuki wakawavamia. Mzee yule, aliyekwisha kuonana na simba, alijibwaga chini, kisha akakimbia huku akijipungia tawi kichwani. Punda wake aliumwa usoni na midomoni, akafa baada ya siku mbili.

Asali ilipofika nyumbani ilikuwa mali ya jamaa nzima. Watoto walitafuna masega na kutema nta. Mama alitia asali kidogo katika uji wa ulezi, nyingine ikapikiwa pombe, na iliyobaki ikawekwa katika kibuyu au kilindo cha gome, ingoje mgeni. Walakini yampasa mama wa leo ajue neno moja wasilolijua wazee: mtoto asiyetimiza mwaka mmoja asilambishwe asali kamwe, kwa kuwa waganga wa hospitali wamegundua ya kuwa huweza kumletea ugonjwa wa kulegea viungo, hata kumwua.

Nta nayo ilipata bei kubwa wakati wa Wadachi, ikachukuliwa na wafanya biashara wa Tabora kwenda Pwani na Ulaya. Kanisa pia tangu kale limetaka nta ya nyuki katika mishumaa ya altare. Basi Mapadre Weupe walipofika Karema mwaka 1885, wakapewa ngome waliyoijenga Wabelgiji mwaka 1879, waliingia katika nchi yenye nta tele.

Na sukari je? Kule Pwani, katika bonde la Pangani, mashamba ya miwa yalikuwako katika karne ya 19, nayo yalilimwa na watumwa. Abushiri bin Salim, aliyepigana na Wadachi akanyongwa mwezi wa Desemba 1889, alikuwa mmoja wa wenye mashamba hayo. Basi halua na visheti vya siku zile vilikuwa na jasho la watu ndani yake, na wengine katika watu hao walitekwa huku kwetu bara. Baadaye kiwanda cha Arusha Chini, karibu na Moshi, kilianza kutoa sukari katika miaka ya 1930. Reli ya kutoka Kaliua ikajengwa hata Mpanda katika miaka ya mwisho ya 1940, kwa ajili ya machimbo ya risasi, na mizigo ya maduka ikapata njia nyepesi kuliko vichwa vya wapagazi.

Lakini si sukari iliyoiondoa asali katika nyumba zetu. Mzinga hauhami pamoja na mwenyewe. Baba alimwonyesha mwanawe miti yake mmoja mmoja, huu wa babu, huu wangu, na huo ndio uliokuwa urithi. Katika miaka ya 1920 Serikali ya Kiingereza ilianza kuwakusanya watu wa nyika za magharibi katika makao makubwa kwa sababu ya malale. Kisha mwaka 1974 Katavi ikafanywa hifadhi ya taifa, na katika miaka hiyohiyo watu wakahamishiwa katika vijiji vya ujamaa. Hapakuwa na ubaya katika kuwaponya watu na malale, wala katika kuwalinda tembo na viboko. Ila mtu aliyekuwa na miti ya baba yake upande wa pili wa mpaka hawezi kuifuata, maana kurina asali katika hifadhi ya taifa ni marufuku. Mjukuu huyajua majina ya miti asiyopata kuiona.

Hata hivyo utamu haukwisha, ulibadili mikono. Tangu miaka ya 1970 Wasukuma walihamia bondeni na ng'ombe zao, na mama zao wakaja na ujuzi wa viazi vitamu. Viazi huchemshwa na maganda yake, humenywa, hukatwa vipande virefu, huanikwa juani mpaka vikauke na kuwa vigumu kama ngozi. Hayo ndiyo matobolwa. Vikikatwa vibichi na kuanikwa ni michembe, ambayo hupikwa baadaye, na ikichanganywa na karanga zilizotwangwa huwa tamu mno. Tobolwa lililoanikwa vema hukaa miezi mingi, nalo halihitaji sukari hata chembe, kwa kuwa utamu wake huzidi likikauka.

Baba alirithisha miti, nayo ilibaki nyuma. Mama aliyehama alichukua mbegu ya viazi kikapuni, akaipanda penye tuta jipya, na mwaka uleule watoto wake wakawa na kitu cha kutafuna njiani waendapo shuleni.