Sakafu ya Mbao na Dawa Zake: Habari za Nta na Sandarusi

Leo twataka kuzungumza juu ya kitu ambacho kila mtu hukikanyaga kila siku, lakini ni wachache wakitazamao: nacho ni sakafu. Tutaeleza habari za sakafu ya mbao ngumu, jinsi watu wa zamani walivyoitunza, na jinsi iliyochakaa iwezavyo kufanywa mpya tena. Habari hizi zawahusu sana watu wa Handeni na Korogwe, kwa maana nchi yao ndiyo yenye miti hiyo, na nta ya kuing'arisha pia.

Hapo kale, katika nyumba za Wazigua na Wasambaa, sakafu ilikuwa ya udongo. Udongo ulipondwa mpaka ukashikamana, kisha ukapakwa udongo mwingine laini juu yake. Ulipopasuka, ulipakwa tena. Hakuna aliyeihama nyumba yake kwa sababu ya ufa wa sakafu. Pwani nako, katika nyumba za mawe, walilaza boriti za mikoko, wakatandaza mawe na chokaa juu yake, wakaitwanga chokaa kwa siku nyingi mpaka ikawa imara. Basi twaona ya kuwa tangu zamani watu wetu walijua jambo hili: sakafu si kitu cha kutengenezwa mara moja na kusahauliwa.

Sakafu ya mbao ilienea bara pamoja na reli. Wajerumani walianza kuijenga reli hiyo kutoka Tanga mwaka 1893. Ikafika Korogwe mwaka 1902, na Mombo mwaka 1905. Baada ya reli zikaja misumeno, mashamba makubwa ya mkonge, na nyumba za mtindo mwingine, na baadhi yake zilitandikwa mbao. Mafundi walichagua miti kwa akili. Mvule hauliwi upesi na mchwa. Mninga haujikunji wala haupanuki sana majira yabadilikapo. Na mkongo, ambao watu wa pwani huuita mbambakofi, ni mgumu sana, huvumilia nyayo za watu wengi.

Lakini ubao, hata uwe mgumu namna gani, ukiachwa mtupu hunywa maji na uchafu, ukageuka rangi na kupasuka. Lazima upewe ngozi. Zamani ngozi hiyo ilikuwa ya namna mbili, na zote mbili zilipatikana katika nchi yetu.

Ya kwanza ni nta. Katika nyika ya Handeni watu hutundika mizinga mitini, wakarina asali. Asali huliwa, na masega yakiyeyushwa na kuchujwa hutoa nta. Nta ilikuwa miongoni mwa bidhaa zilizouzwa ng'ambo kutoka Tanganyika katika siku za Wajerumani, na katika siku za Waingereza pia. Huko Ulaya ilitumiwa kwa mishumaa, na kwa kung'arisha sakafu na meza. Hivyo mrina asali wa nyikani aliing'arisha nyumba ambayo hakuiona kamwe.

Ya pili ni sandarusi, nayo ilitoka kusini zaidi, pwani ya Mrima, hasa Uzaramo na kuendelea mpaka Rufiji. Sandarusi ni utomvu wa mti uitwao msandarusi. Ile iliyokuwa bora haikutoka mtini, bali ilichimbwa ardhini, mahali ambapo miti yenyewe ilikwisha kutoweka zamani sana. Ile mbichi iliitwa chakazi, na bei yake ilikuwa duni. Mwaka 1833 Seyyid Said alifanya mapatano ya biashara na Marekani, na wafanyabiashara wa mji wa Salem wakaja Unguja na nguo za merikani, wakanunua pembe za ndovu na sandarusi. Huko kwao sandarusi iliyeyushwa kwa moto mkali, ikachanganywa na mafuta ya kitani na tapentaini, ikawa vanishi. Vanishi ya sandarusi ya Unguja ilisifiwa kwa ugumu wake na kung'aa kwake.

Biashara hiyo ilififia wataalamu walipojua kutengeneza utomvu kwa kemia. Mwaka 1937 Otto Bayer wa Ujerumani na wenzake waligundua poliyurethani, na leo vanishi nyingi za sakafu zina kitu hicho. Lakini nta haikupoteza kazi yake.

Sasa natueleze jinsi ya kuifanya upya sakafu iliyochakaa. Kwanza kagua kila ubao. Uliooza au kuliwa na mchwa ubadilishwe, uliolegea upigiliwe, na vichwa vya misumari vizamishwe ndani. Kisha kwangua uchafu na vanishi ya zamani kwa bamba la chuma lenye makali. Ndipo upige msasa, kwanza ule wenye chembe kubwa, mwisho ule laini, ukifuata nyuzi za mti, wala usizikate. Wazee wetu walitumia majani makavu ya mti wenyewe uitwao msasa, ambayo hukwaruza kama tupa. Funga kitambaa puani, maana vumbi la mvule na la mninga hudhuru pumzi.

Ukiisha kufuta vumbi lote, tengeneza dawa. Tia nta katika kopo, ulisimamishe kopo ndani ya sufuria ya maji ya moto, usiliweke juu ya moto wenyewe. Nta ikiyeyuka, ondoka mbali na moto, ndipo utie tapentaini, vipimo vitatu kwa kimoja cha nta. Paka kidogo tu, uache ikauke, kisha usugue kwa kumbi la nazi, na mwisho kwa kitambaa safi. Ukipenda vanishi badala ya nta, kumbuka ya kuwa vanishi haishiki juu ya nta. Lazima nta yote iondolewe kwanza. Na vitambaa vyenye mafuta ya kitani usivikunje ukavirundika, maana huweza kuwaka vyenyewe. Vitandaze nje vikauke.

Mtu aweza kuuliza: Kwa nini nijisumbue hivi? Si afadhali kuzing'oa mbao na kumwaga saruji? Jibu ni hili. Mninga huchukua miaka 70 hata 100 kabla haujafaa kupasuliwa mbao. Anayezing'oa mbao za babu yake na kuzitia motoni huchoma miaka mia, na akitaka nyingine itambidi aende mbali msituni kutafuta mti ambao mjukuu wake angeuhitaji. Lakini ubao uliochakaa usoni haujafa. Chini ya uchafu ule, unene wa kucha tu, mti ungali mzima kama siku ulipopasuliwa. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Siku mbili za msasa na ratili chache za nta zatosha kuihifadhi sakafu, na kuuacha mninga mmoja wa Handeni usimame.