Picha Mkononi mwa Marehemu

Leo tumkumbuke Amos Humiston, sajenti wa kikosi cha 154 cha New York katika vita vya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe. Aliuawa tarehe 1 Julai 1863, siku ya kwanza ya mapigano ya Gettysburg. Mwili wake ulipopatikana haukuwa na kitu cha kuonyesha jina lake. Ila mkononi alishika picha iliyopigwa juu ya kioo, ya watoto watatu.

Daktari Bourns wa Philadelphia aliichukua picha ile akatengeneza nakala. Shida ni kwamba magazeti ya wakati huo hayakuweza kuchapa picha, ikabidi waieleze kwa maneno. Wakakisia umri wa kila mtoto. Wakataja pia jambo dogo ambalo mimi nalipenda kuliko yote: shati la mvulana mkubwa lilishonwa kwa kitambaa kile kile cha nguo ya dada yake. Mama anayeshonea watoto nyumbani ameshaelewa. Habari ikasambaa, na gazeti la Kikristo, American Presbyterian, likaichapa pia.

Gazeti hilo likafika Portville, New York, kwa Philinda. Alikuwa amemtumia mumewe picha ya namna hiyo, na tangu Gettysburg hakuwa amepata barua. Akaomba nakala. Hebu fikiria, mpendwa, mama anafungua bahasha akitamani watoto waliomo wawe wa mtu mwingine. Walikuwa Frank, Alice na Freddie. Ndivyo alivyojua, mwezi Novemba, kwamba ni mjane.

Nakala za picha ziliuzwa ili kusaidia yatima wa vita, na mwaka 1866 nyumba ya watoto ikafunguliwa pale Gettysburg. Philinda alifanya kazi humo, na watoto wake wakalelewa humo. Watumishi wenzangu tunaochangisha kwa jina la yatima, hapa tusome polepole: baadaye msimamizi wa nyumba alishtakiwa kwa kuwatesa watoto, na Bourns mwenyewe akalaumiwa juu ya fedha. Mwaka 1877 nyumba ikafungwa.

Humiston amezikwa katika makaburi ya taifa ya Gettysburg. Mwaka 1993 jiwe la kumbukumbu liliwekwa kando ya barabara ya Stratton, karibu na mahali alipoangukia. Sura yake iko pale, na za watoto wote watatu.