Ibara ya 37 Ilizaliwa Kabla ya Chama Kimoja

Kila mjadala wa Katiba Mpya unapopamba moto, huwa hatukosi kuambiwa kwamba madaraka makubwa ya Rais wa Tanzania ni mabaki ya mfumo wa chama kimoja. Husemwa yaliandikwa mwaka 1977, mwaka uleule TANU na Afro-Shirazi zilipoungana kuwa CCM, na kwamba vyama vingi viliporudi mwaka 1992 tukasahau kuyapunguza. Nimeisikia hoja hii kwenye makongamano, nimeisoma magazetini, na nimewakuta wanafunzi wa sheria wakiirudia kama jambo lisilo na ubishi. Si kweli. Na kosa lake si la tarehe tu, maana limetufanya tuamini kwamba chama kimoja kikishaondoka kazi kubwa imekwisha.

Hati ya kuirudia ni Waraka wa Serikali Na. 1 wa mwaka 1962, uliobeba mapendekezo ya kuifanya Tanganyika jamhuri. Wanaoutaja siku hizi ni wachache, na wengi wao huishia kwenye aya za haki za raia. Uzito wake, kwa maoni yangu, uko kwenye zile zinazomhusu Rais.

Usuli unajulikana. Tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ilijitawala ikiwa na katiba ya mtindo wa Uingereza: Malkia Elizabeth mkuu wa nchi, Sir Richard Turnbull Gavana Mkuu wake, na Waziri Mkuu aliyetokana na Bunge na kuwajibika kwalo. Wiki sita baadaye, Januari 22, Nyerere akajiuzulu uwaziri mkuu, akamwachia Rashidi Kawawa, akaenda kukijenga chama. Waraka ulitoka katika kipindi hicho, na Desemba 9, 1962 Nyerere akaapishwa kuwa Rais wa kwanza wa Jamhuri.

Kilichobadilika katika mwaka huo mmoja ni kikubwa kuliko tunavyokikumbuka. Mtu mmoja akawa mkuu wa nchi, mkuu wa serikali na Amiri Jeshi Mkuu. Mawaziri angewateua kutoka bungeni, lakini yeye mwenyewe hakuwa mbunge, wala Bunge halikuweza kumng'oa kwa kura ya kutokuwa na imani, kama lilivyoweza kumng'oa Waziri Mkuu. Uteuzi na nidhamu ya watumishi wa serikali, mambo ambayo Katiba ya Uhuru iliyakabidhi kwa tume huru, vikahamia mikononi mwake, na tume ikabaki ya kushauri. Kisha likaandikwa sharti moja fupi: katika kutekeleza kazi zake Rais atatumia hiari yake, wala hatalazimika kufuata ushauri wa mtu yeyote, isipokuwa pale sheria itakapoelekeza vinginevyo.

Fungua Katiba ya sasa, ibara ya 37(1), utalikuta. Limenenepeshwa kidogo, lakini ni lilelile. Lilivuka Katiba ya Muda ya 1965, likavuka ya 1977, likavuka mabadiliko ya 1984 na ya 1992 bila mtu kulitoa jasho. Na lilipoandikwa kwa mara ya kwanza, Tanganyika ilikuwa nchi ya vyama vingi kisheria. Novemba 1, 1962 Nyerere aligombea urais dhidi ya Zuberi Mtemvu wa African National Congress, aliyejitoa TANU baada ya mkutano wa Tabora wa 1958 kukubali uchaguzi wa kura tatu, moja kwa kila mbari. Nyerere alipata zaidi ya asilimia 98. Kasanga Tumbo, kiongozi wa wafanyakazi wa reli, naye alikwisha kujiuzulu ubalozi London akaanzisha chama chake. Upinzani ulikuwa dhaifu, lakini ulikuwa halali. Sheria ya chama kimoja ilikuja mwaka 1965.

Serikali iliutetea vipi urais wa namna hii? Waraka ulisema kwamba watu wetu hawajazoea heshima kukaa kwa mtu huyu na nguvu kukaa kwa mwingine; kwamba kwa mila zetu heshima apewayo mtemi au mfalme haitengani na mamlaka aliyonayo. Mkuu wa nchi asiye na madaraka, kama Malkia au Gavana Mkuu wake, angeonekana kioja.

Hoja hii imenukuliwa kwa heshima na watu wengi, mimi nikiwa na heshima hiyohiyo kwa Mwalimu Nyerere, lakini haisimami. Chukua Usukumani, kwa kabila kubwa kuliko yote nchini. Hans Cory, mtaalamu wa mila wa serikali ya kikoloni, aliandika kwa kirefu juu ya watemi wa huko mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mtemi hakujitawaza. Banang'oma, wazee wa baraza lake, ndio waliomteua miongoni mwa watu wa ukoo wa utawala, ndio waliomzungushia miiko, na ndio waliokuwa na uwezo wa kumwondoa mvua ikigoma au mambo yakiharibika. Heshima alikuwa nayo tele, lakini wenye ushauri aliotakiwa kuusikiliza walikuwa hapohapo nyumbani kwake, na kuwapuuza kulikuwa kuhatarisha kiti chenyewe. Huyo ni mtawala anayelazimika kufuata ushauri.

Mtemi wa aina nyingine, asiyeulizwa na watu wake, alikuja baadaye. Sir Donald Cameron alipoleta utawala wa kupitia machifu, kwa sheria ya 1926, chifu alianza kulipwa mshahara na kuwajibika kwa bwana shauri, mtawala wa kikoloni wa wilaya, na banang'oma wakabaki na matambiko. Mwalimu alilijua jambo hili kutoka nyumbani. Baba yake alikuwa Mtemi Nyerere Burito wa Butiama, na Wazanaki kabla ya Wajerumani hawakuwa na mtawala mmoja wa kuwaamuru wote. Uchifu aliouona akikua ulikuwa umekwisha kupita mikononi mwa wakoloni wawili. Na serikali hiyohiyo iliyojenga hoja ya urais juu ya heshima ya watemi ilifuta uchifu kwa sheria mwaka 1963.

Kuna ushahidi mwingine ulio wazi zaidi. Soma Katiba ya Ghana ya mwaka 1960, ile ya Kwame Nkrumah, ibara ya 8(2). Sharti la Rais kutofuata ushauri wa mtu limo, na maneno yake na yale ya Tanganyika ya 1962 ni mapacha. Ndio asili yake ya karibu: lilitoka Accra likiwa tayari limeandikwa kwa Kiingereza cha wanasheria, likaja kupachikwa Dar es Salaam, na mila za Kitanganyika zikaitwa baadaye kulitolea ushahidi. Kuazima si dhambi, katiba zote huazima. Lakini tukubali kwamba tuliazima, ili tusije tukadhani anayetaka kulifuta anapingana na babu zake.

Wako wanaosema asili halisi ni Gavana, na hao nawasikiliza kwa makini zaidi. Amri ya Mfalme wa Uingereza ya 1920 ilimpa Gavana wa Tanganyika serikali yote. Baraza la Kutunga Sheria lilikuja mwaka 1926, na hata hilo Gavana alilikalia yeye mwenyewe kiti cha uenyekiti mpaka alipoteuliwa Spika mwaka 1953. Kwa zaidi ya miaka arobaini mtu wa kawaida aliijua serikali kama amri inayoshuka kutoka ikulu moja, kupitia kwa mkuu wa jimbo, hadi kwa bwana shauri wa wilaya. Mtindo wa Uingereza wenyewe, wa mawaziri wanaohojiwa bungeni, tulikuwa nao kwa muda mfupi mno. Ukilitazama hivyo, jambo geni lilikuwa Katiba ya 1961, na ile ya 1962 ilirudisha serikali kwenye njia iliyozoeleka, safari hii akiwa ameketi juu mtu tuliyemchagua na kumpenda.

Mwalimu naye alikuwa na hoja yake halisi, na haikuhusu watemi. Katika maandiko yake ya miaka ile alieleza kwamba mfumo wa Marekani, ambamo Rais, Bunge na mahakama huzuiana kila hatua, haukufaa nchi yenye haraka kama yetu. Umaskini, uhaba wa wataalamu na hata hali ya hewa vilikuwa breki tosha; kilichotakiwa ni cha kuongeza mwendo. Hoja hii haikosi nguvu. Anayekumbuka nchi ilivyokuwa na shule chache, barabara chache zaidi, na wasomi wa shahada wa kuhesabika, hawezi kuicheka. Shida yake ni kwamba ilikuwa hoja ya kipindi fulani, ikaandikwa katika sheria isiyo na kipindi.

Na iliandikwa na nani? Bunge lililokutana katika ukumbi wa Karimjee mwaka 1962 lilijigeuza kuwa Bunge la Katiba, na walioketi humo walikuwa wabunge waliochaguliwa Agosti 1960, chini ya Gavana, kwa kura ambayo Watanganyika wengi hawakuwa nayo. Kati ya viti 71, TANU ilipata 70, na 58 vilipita bila kupingwa. Ina maana sehemu kubwa ya waliotuwekea urais huu hawakupigiwa kura hata moja na wananchi katika uchaguzi huo, achilia mbali kura ya kuwapa kazi ya kuunda dola. Mtindo ukashika. Aprili 25, 1977 Bunge liligeuzwa tena kuwa Bunge la Katiba kwa kikao cha siku moja na kupitisha rasimu ya kamati ya watu ishirini ya Sheikh Thabit Kombo, ileile iliyoshughulikia kuunganisha vyama. Mwaka 2014 wabunge na wawakilishi wa Zanzibar wakaketi tena kama Bunge la Katiba, wakaongezewa watu 201 wa kuteuliwa na Rais.

Sehemu ya pili ya Waraka, ile inayotajwa, ilieleza kwa nini hakutakuwa na sura ya haki za binadamu. Utawala wa sheria, ulisema, hulindwa vizuri zaidi na majaji huru kuliko na orodha ya haki iliyoandikwa. Jibu lilikuja kabla hata jamhuri haijazaliwa: Septemba 1962 Bunge likapitisha Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini, ambayo ilimpa mkuu wa nchi uwezo wa kumfungia mtu bila mashtaka na ikafunga mlango wa mahakama kuhoji amri hiyo. Jaji huru asiye na ruhusa ya kuuliza ana kazi gani? Mwaka huohuo sheria za kazi zikabana migomo na uhuru wa vyama vya wafanyakazi. Tumbo, aliyewahi kuwaongoza watu wa reli, aliwekwa kizuizini mwaka 1964.

Miaka iliyofuata naipita haraka, kwa kuwa imeandikwa sana: maasi ya wanajeshi ya Januari 1964, Muungano na Zanzibar wa Aprili, Katiba ya Muda, ukuu wa chama mwaka 1975. Yote hayo yaliongeza chama juu ya Rais aliyekwisha kuwapo. Hayakumuumba. Haki za binadamu ziliingia mwaka 1984 na zikaanza kudaiwa mahakamani Machi 1988, na majaji kama James Mwalusanya wakaonyesha jinsi sura hiyo inavyoweza kutumika dhidi ya sheria kandamizi.

Mwaka 1991 Rais Mwinyi aliunda Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali. Tume ilipendekeza vyama vingi, ingawa zaidi ya robo tatu ya waliohojiwa walitaka chama kimoja kiendelee. Ikapendekeza pia katiba mpya, na ikaorodhesha sheria 40 za kufutwa au kurekebishwa, ile ya kizuizini ikiwamo. Serikali ikachukua la vyama vingi. Kwa Sheria Na. 20 ya 1992 Bunge likapewa pia utaratibu wa kumshtaki Rais, ibara ya 46A, ambayo ina masharti magumu na haijawahi kutumika. Sharti la ibara ya 37(1) halikuguswa. Ndiyo sababu nasema kosa la tarehe lina gharama: aliyeamini kwamba madaraka haya ni mtoto wa chama kimoja aliridhika chama kimoja kilipoondolewa.

Rasimu ya Katiba Mpya ya tume ya Jaji Joseph Warioba, iliyojadiliwa na Bunge la Katiba la 2014, ilikaribia kulishika jambo lenyewe. Ilitaka mawaziri wasizidi 15 na wasiwe wabunge, na ilitaka teuzi kubwa za Rais zithibitishwe na Bunge. Lakini ukifuatilia yaliyosemwa Dodoma mwaka 2014, karibu pumzi yote iliishia kwenye serikali mbili au tatu. Wajumbe wa upinzani walitoka ukumbini kwa sababu ya muundo wa Muungano. Suala la Rais mwenye hiari, asiyelazimika kufuata ushauri, lilipata dakika chache. Kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 iliahirishwa, na hadi leo Katiba inayotumika ni ya 1977.

Wanaotaka kuona madaraka haya yanavyomfikia mtu wa chini wasitazame Ikulu, watazame ofisi ya mkuu wa wilaya. Cheo hicho na cha mkuu wa mkoa viliwekwa kisiasa mwaka 1962, vikichukua nafasi ya mabwana shauri na wakuu wa majimbo, na wenye navyo huteuliwa na Rais bila kuthibitishwa na chombo chochote. Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997, vifungu vya 7 na 15, inawaruhusu kuamuru mtu akamatwe na kushikiliwa hadi saa 48 iwapo wanaona anahatarisha amani. Sheria inadai mwenye cheo aeleze sababu kwa maandishi. Mwalimu wa shule aliyechelewa kazini, daktari aliyejibizana na mgeni rasmi, mwenyekiti wa kijiji aliyeuliza swali gumu kwenye mkutano wa hadhara: tumewaona wakipakiwa kwenye gari la polisi mbele ya kamera, na maandishi hayo hatujayaona. Mkuu wa wilaya hawajibiki kwa halmashauri ya wilaya yake, ambayo madiwani wake wamechaguliwa na wananchi wa pale. Anawajibika kwa aliyemteua, na aliyemteua, kwa mujibu wa ibara ya 37(1), halazimiki kumsikiliza mtu.