Wingu la Bondwa na Ugomvi wa Mwaka 1977

Kila Machi 23 dunia huadhimisha Siku ya Hali ya Hewa, kwa kumbukumbu ya mkataba wa kimataifa wa hali ya hewa ulioanza kutumika mwaka 1950. Siku hiyo redio zetu humzungumzia mkulima na mvuvi. Rubani, akitajwa, hutajwa mwishoni. Kwa watu wa Morogoro huko ni kujisahau, maana tukiinua macho tu tunakiona kinachompa mashaka: Mlima Bondwa umejifunika wingu hadi shingoni.

Upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi hugonga milima ya Uluguru upande wa Matombo na Kinole, hupanda, hupoa, hugeuka wingu. Miteremko hiyo hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,500 kwa mwaka, ilhali huku mjini hata 1,000 ni shida kufika. Kwa Waluguru ni neema, na si bure kwamba chifu Kingalu wa Kinole aliheshimiwa kama mwenye mvua. Lakini kwa rubani wa ndege ndogo anayetoka Dar es Salaam kwenda Mikumi au Ruaha, ndani ya wingu hilo kuna mwamba. Kilele cha Kimhandu kinapita mita 2,600.

Huduma ya hali ya hewa ya Afrika Mashariki ilianzishwa na Waingereza mwaka 1929, makao yake Nairobi, chini ya Albert Walter aliyetoka Mauritius, alikokuwa akihusisha hali ya hewa na mavuno ya miwa. Ndege ndizo zilizoharakisha mambo. Mwaka 1932 Imperial Airways ilikuwa ikibeba barua kutoka London hadi Cape Town kupitia Moshi, Dodoma na Mbeya. Hatari nayo haikukosekana: Mei 18, 1955, ndege aina ya Dakota ya East African Airways iliyotoka Dar es Salaam kwenda Nairobi iligonga Kilimanjaro. Watu wote 20 walikufa.

Kisha ukaja mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika. Wengi wetu tunaukumbuka kwa ndege na treni: East African Airways ikasimama mwishoni mwa Januari, Kenya ikawa na shirika lake, Februari Tanzania ikafunga mpaka, Machi ikaundwa Air Tanzania. Wakubwa waligombania injini, mabehewa na madeni. Utabiri nao hugawanywaje? Makao makuu ya huduma hiyo yalikuwa Dagoretti, Nairobi, na chuo cha wataalamu kilikuwa hukohuko. Tanzania ilibaki na vituo vya uangazi na vijana wa kuvisimamia, ikalazimika kujenga kichwa cha mwili uliokwisha kuwapo. Sheria namba 6 ya mwaka 1978 ikaipa nchi idara yake, na chuo kikaanzishwa Kigoma. Mpaka ulikaa umefungwa hadi Novemba 1983. Kusi haikuomba pasi kwa mtu. Na hadi leo kitovu cha kanda cha kupitishia taarifa za hali ya hewa duniani kipo Nairobi.

Katika ugomvi ule wote nani aliitaja Morogoro? Kituo chetu cha hali ya hewa kina namba yake ya kimataifa, 63866. Mwangazi hutoka nje kwa saa yake, hukadiria anga limefunikwa sehemu ngapi kati ya nane, huangalia wingu limeshuka kiasi gani na macho yanafika wapi, husoma upepo, joto na mgandamizo wa hewa. Huo mgandamizo si wa kupuuza: kipimo cha mwinuko cha ndege huutegemea, na kosa la hektopaskali 5 humdanganya rubani kwa takriban mita 40. Kama mlima umefichwa, mita 40 ni nyingi.

Tangu sheria ile ya 1978 mambo yamebadilika. Mwaka 1999 idara ikawa wakala, mwaka 2019 ikawa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA). Rada zimefungwa Dar es Salaam, Mwanza na kwingineko, na rubani hupata tahadhari za radi kwenye simu yake.

Rada ni jambo la kujivunia. Ila sijawahi kuona kibao mjini kinachomweleza mpita njia kazi ya mwangazi. Manispaa, Machi 23 ijayo, wapelekeni watoto wa shule kituoni wakaone kipimamvua kinavyosomwa. Asubuhi, kabla wingu halijashuka.