Viti vya Doha, Vibanja vya Kagera

Jumamosi ya tarehe 8 Desemba 2012, mkutano wa 18 wa Umoja wa Mataifa kuhusu mabadiliko ya tabianchi ulikuwa umepitiliza siku moja mjini Doha. Mwenyekiti wake, Abdullah bin Hamad Al-Attiyah wa Qatar, akagonga nyundo mfululizo na kupitisha maamuzi kwa kasi iliyowaudhi Warusi. Habari kubwa ya siku hiyo ilikuwa Itifaki ya Kyoto kuongezewa muda hadi 2020. Uamuzi wa 23 haukuzungumzwa sana.

Huo ndio ulioifanya jinsia kuwa ajenda ya kudumu ya mikutano hiyo. Uliitaka sekretarieti itoe kila mwaka hesabu ya wanawake na wanaume katika vyombo vya mkataba na katika misafara ya nchi. Pale Doha penyewe wanawake walikuwa chini ya theluthi ya wajumbe. Jambo lenyewe halikuwa geni: Marrakech, mwaka 2001, nchi zilikwisha kuombwa ziwateue wanawake. Ziliombwa tu, na miaka 11 ikapita.

Wapo waliouita uamuzi huo muujiza. Mimi nauona wa maana, ila ulihesabu viti. Na Tanzania ilikuwa imeanza kuhesabu viti kabla ya Doha. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, iliyoanza kutumika Mei 1, 2001, inataka watatu kati ya wajumbe saba wa baraza la ardhi la kijiji wawe wanawake. Tena inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke kumiliki au kutumia ardhi. Kwenye karatasi, kijiji cha Tanzania kiliutangulia Umoja wa Mataifa.

Sheria hiyo nayo ilikuwa na mama yake. Huko Kagera, Holaria Pastory alirithi kwa wosia shamba la ukoo kutoka kwa baba yake. Uzee ulipomfika, naye hana wa kumtunza, mnamo Agosti 24, 1988 aliliuza kwa Shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Kesho yake tu mpwa wake, Bernardo Ephrahim, alikuwa Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha akidai mauzo yabatilishwe. Alikuwa na hoja: kwa sheria ya kimila iliyotangazwa na serikali mwaka 1963, mwanamke wa Kihaya aliweza kulitumia shamba la ukoo maisha yake yote, lakini si kuliuza.

Mahakama ya Mwanzo ilimpa mpwa ushindi. Ya Wilaya, Muleba, ikampa shangazi, kwa kuwa haki za binadamu zilikuwa zimeingizwa kwenye Katiba mwaka 1984. Rufaa ikafika Mahakama Kuu, Mwanza, kwa Jaji James Mwalusanya, na Februari 1990 akaamua kwamba katika kuuza shamba la ukoo mwanamke na mwanamume wako sawa. Mpwa akitaka kulikomboa, alipe zile 300,000 ndani ya miezi sita, kama ambavyo angetakiwa kulipa iwapo muuzaji angekuwa mwanamume. Ninavyoona, hakuna ibara ya mkataba wowote wa tabianchi iliyosema wazi kiasi hicho.

Ukame unaingiaje hapa? Tazama Shinyanga. Misitu ilifyekwa ili kuwatokomeza ndorobo na kupanda pamba, hata mkoa ukaitwa jangwa. Kuanzia 1986 mradi wa HASHI, wa kuhifadhi ardhi ya Shinyanga, uliwarudisha Wasukuma kwenye ngitili, yaani malisho yanayofungwa wakati wa mvua ili mifugo iyapate kiangazi, na mamia ya maelfu ya hekta yakaota miti tena. Ngitili huchukua miaka. Anayeweza kungoja miaka hiyo ni yule anayejua kwamba eneo litakuwa lake bado, na mjane mara nyingi hana uhakika huo.

Mkoani humohumo wajane wawili walinyimwa urithi wa waume zao kwa mila. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikubali kwamba mila hizo ni za kibaguzi, kisha ikakataa kuzifuta. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani iliitupa rufaa yao kwa dosari ya tarehe kwenye hati. Kamati ya Umoja wa Mataifa ya kupinga ubaguzi dhidi ya wanawake ndiyo iliyowapa haki, Machi 2015, na kuitaka Tanzania iwalipe fidia na kurekebisha sheria za mirathi.

Kati ya rufaa hiyo na uamuzi wa kamati, wanawake wa vijijini walikuwa na mkutano wao. Ulifanyika Tanzania mwaka uleule wa Doha, na kutoka hapo likazaliwa wazo la kuupanda Mlima Kilimanjaro. Oktoba 2016 mamia ya wanawake kutoka zaidi ya nchi 20 za Afrika walifika chini ya mlima na hati ya madai. Baadhi yao wakapanda. Mwaka uliofuata, kwenye mkutano wa tabianchi wa Bonn, nchi zikapitisha mpango wa kwanza wa utekelezaji kuhusu jinsia.

Vijijini kazi ni ya fomu. Hatimiliki ya kimila inaweza kubeba jina la mke pamoja na la mume, na wakati wa kuliandika ni siku wapimaji wanapofika shambani, mume akiwa hai. Ukingoja msiba, ndugu zake wamekwisha kufika.